Kabla ya Kuongeza Kidonge, Fungua Kavera la Dawa

Mazungumzo na familia zinazotunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, Walukuba, Jinja, Uganda

Mwenyekiti wetu wa LC, baraza la mtaa, wazee mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu wa VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea, na nyinyi vijana mliotumwa na wazazi kwa sababu wao wamebaki nyumbani wakimwangalia jajja, yaani babu au bibi: asalaam aleykum, na Bwana asifiwe. Niliulizwa nitazungumza kwa lugha gani, nikashangaa. Walukuba hii, Msoga, Mjaluo, Mlugbara, Mgisu na Mnubi wamekaa nyumba za kupakana tangu enzi za viwanda, na wakigombana wanagombana kwa Kiswahili. (Kicheko.) Basi tutaendelea nacho.

Najua wengi mmekuja na swali moja tu: dawa iko? Nalijibu mapema tusichoshane. Dawa ya kuponya demensia, huu ugonjwa wa kusahau, haipo, hapa wala Ulaya wala Marekani. Lakini yale yanayowanyima usingizi, mzee kupiga kelele usiku, kumpiga anayemwogesha, kuona watu ambao nyinyi hamwaoni, kukataa chakula, mengi katika hayo yanatibika au yanapungua. Na katika kazi yangu hii ya uuguzi wa akili, nimeona mara nyingi mzee akipata nafuu kwa dawa tuliyomwondolea kuliko kwa dawa tuliyomwongezea. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Kwanza tujue tunapambana na nini. Demensia ni kundi la magonjwa ya ubongo. Unaojulikana zaidi ni Alzheimer, wenye jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema huo peke yake unachukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Kuna unaotokana na mishipa ya damu, presha iliyoachwa bila kutibiwa, kiharusi kimoja kikubwa au vidogo vingi ambavyo hakuna aliyeviona vikipita. Kuna ule wa Lewy, ambao nitaurudia kwa sababu dawa zetu za kila siku zinaweza kumuua mwenye nao. Kuna wa sehemu ya mbele ya ubongo, unaoanza kwa kuharibu tabia kabla ya kumbukumbu: mzee wa kanisa anaanza kutukana, familia inafikiri amekengeuka. Mwaka 2021 dunia ilikuwa na wagonjwa wapatao milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kwa hiyo mama anayenong'onezwa na majirani kwamba mume wake amerogwa, ajue ana wenzake wengi mno, na mchawi mmoja asingeweza kuwafikia wote.

Sasa, ukinijia kliniki sitaanza kwa kukuuliza mzee anasahau nini. Nitakuuliza ilianza lini na ilianzaje. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Ukiniambia Jumapili mzee alikwenda kusali kwa miguu yake, na leo Jumatano hamtambui mwanawe, mchana anasinzia na usiku anapigana na ukuta, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au maji tu yamemwishia mwilini. Inaweza kuwa sukari imeshuka. Kuna kidonge cha sukari kinaitwa glibenclamide, kiko katika nyumba nyingi. Mzee akimeza halafu asile, au akasahau kwamba amemeza akarudia, sukari hushuka na inaweza kubaki chini kwa saa nyingi. Na anayeishi na demensia miaka yote hii naye akibadilika ghafla, ni vivyo hivyo. Msiseme "ugonjwa wake umepanda." Kuna kitu kimeingia.

Halafu kuna matatizo yanayokuja taratibu, yakafanana na demensia, na yana tiba. Tezi ya shingo ikipunguza kazi. Upungufu wa vitamini B12. Kaswende ya zamani iliyofika kwenye ubongo. Huzuni nzito baada ya kufiwa. Pombe kali ya waragi ya miaka mingi. Mzee aliyegongwa na bodaboda miezi miwili iliyopita akainuka akasema "niko sawa", kumbe damu inavuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo; huyo anahitaji picha ya CT na pengine upasuaji, na wengine wakifanyiwa hurudi wakawa wazima tena.

Na virusi vya Ukimwi. Uganda hatuwezi kuzungumza habari za kumbukumbu tukaruka hapo. Naona mnaona aibu kumpimisha mama wa miaka 72. Virusi havijui aibu. Vinashambulia ubongo pia, na ARV zikianzwa zinaweza kurudisha sehemu ya akili iliyokuwa imeanza kupotea. Kipo kipimo kifupi cha tatizo hilo, cha kugonga vidole haraka haraka, kufuatisha mkono kwa mpangilio na kukumbuka maneno manne. Kilichapishwa mwaka 2005, na mojawapo ya miji kilikojaribiwa ni Kampala yetu. Muuguzi anakifanya bila mashine yoyote.

Tuje kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki. Kila nyumba yenye mzee ina kavera la dawa, mara nyingi jeusi, limening'inizwa nyuma ya mlango. Ndani mna dawa za kliniki ile, za duka la dawa karibu na soko, za mtoto aliyeko Kampala, na nyingine hakuna anayejua zilitoka wapi. Mwageni zote mezani. Ubongo unatumia kemikali iitwayo asetilikolini kutunza kumbukumbu, na katika Alzheimer kemikali hiyo inapungua. Sasa, dawa kadhaa za kawaida kabisa zinaizuia ile kidogo iliyobaki. Piriton mnayompa akiwa na mafua au akijikuna. Promethazine. Amitriptyline, ambayo hutolewa kwa maumivu na usingizi. Benzhexol, ambayo wengine mnaiita Artane, na hapa nawasema wenzangu wa vitengo vya akili: tunaiandika pamoja na haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, kwa mazoea, hata kwa mzee wa miaka 80. Dawa hizi humkausha mzee mdomo, humfunga choo, humzuia mkojo na kumchanganya akili. Halafu familia inajinyima inanunua dawa ya kumbukumbu ya kuongeza asetilikolini, na jioni ile ile inampa Piriton ya kuizuia. Mnalipa mara mbili ili dawa mbili zipigane ndani ya mtu mmoja.

Valium nayo. Usiku wa kwanza nyumba nzima inalala, mnaishukuru. Baada ya muda mzee anaamka akiyumba, anaanguka njiani kwenda chooni, anavunjika nyonga. Nyonga kwa mzee mwenye demensia ni msiba unaoweza kumaliza kila kitu.

Lakini nisikieni vizuri hapa, maana kesho msije mkasema muuguzi alituambia tutupe dawa. Msikatishe dawa yoyote peke yenu. Valium iliyotumika muda mrefu hupunguzwa hatua kwa hatua. Dawa za kifafa, za presha, za moyo, ARV, hizo ukiziacha ghafla utaleta balaa. Kazi yenu ni kuleta kavera. Kazi ya kuondoa ni yetu.

Haya. Tuseme tumeshapima, tumeshaondoa yasiyofaa, na mzee bado anapiga kelele. Mtu asiyeweza tena kusema "goti linaniuma" atampiga yule anayelikunja goti wakati wa kuoga. Ndiyo njia iliyobaki kwake ya kulisema. Kule Norwei walifanya utafiti katika nyumba za wazee, ukachapishwa mwaka 2011: waliwatibu maumivu kwa hatua, wengi wao kwa panadol tu ya kawaida kwa kipimo cha daktari, na fujo zikapungua. Panadol! Kwa hiyo kabla hujaomba sindano ya kumtuliza, mkague kama unavyomkagua mtoto mchanga anayelia. Choo alipata lini? Mkojo unamuuma? Ana njaa, kiu, baridi? Meno yanamsumbua? Kifaa gani kipya kimeingia chumbani? Nani anamwogesha? Mama wa Kiislamu aliyejistiri maisha yake yote, leo mjukuu wa kiume anamvua nguo, na mnashangaa anamng'ata?

Macho na masikio yasisahauliwe. Mzee mwenye mtoto wa jicho akiona kanzu imetundikwa gizani, ataona mtu. Wakati mwingine unachoita wazimu kinaondoka kwa upasuaji wa jicho, au kwa balbu yenye mwanga zaidi saa za magharibi, wakati ambao wengi wao huchachamaa. Nta ikitolewa masikioni kuna mtu ataacha kudhani mnamsengenya.

Na usibishane naye. Hapa Walukuba kuna wazee wanaoamka saa nne usiku wakitaka kwenda zamu kiwandani, na kiwanda chenyewe kiliwaacha miaka na miaka. Ukimwambia "baba, kazi iliisha zamani, unasumbua," umeanzisha vita mpaka alfajiri. Muulize alikuwa mashine gani, nani alikuwa msimamizi mkali, mshahara ulitosha nini. Mpe chai huku anaeleza. Kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu zaidi. Mzee hakumbuki kama amekula asubuhi, lakini anaweza kukusimulia Malkia Elizabeth alivyokuja kufungua bwawa la Owen Falls mwaka 1954, akiwa yeye mtoto wa kaptura. Tumieni hizo.

Inabaki sehemu ndogo ya wagonjwa ambao, baada ya yote hayo, ni hatari kwao wenyewe au kwa wengine. Hapo ndipo haloperidol au risperidone zinapoingia, kwa kipimo kidogo kuliko cha kijana, kwa wiki chache, na siku ya kuangalia upya imeshaandikwa kwenye kitabu chake. Tangu mwaka 2005 kwa zile mpya kama risperidone, na 2008 kwa za zamani kama haloperidol, mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kali juu ya dawa za kundi hili: wazee wenye demensia wanaopewa hufa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Huongeza kiharusi pia. Ile sindano ya mwezi ya dawa za kundi hili, mzee wa demensia asipewe kwa sababu tu familia imechoka. Ikishaingia haitoki, na madhara yake yakitokea mtakaa nayo wiki nzima na zaidi.

Sasa ule ugonjwa wa Lewy niliousema. Angalieni hivi: mzee anaona watoto wadogo au wanyama chumbani, anawaeleza vizuri kabisa, rangi na nguo zao. Anatembea kwa kukakamaa, hatua fupi. Leo yuko timamu, kesho amepotea, keshokutwa karudi. Usiku anarusha mateke usingizini. Mzee wa namna hiyo akipigwa haloperidol anaweza kukakamaa mwili mzima, asimeze, afe. Waambieni wahudumu mapema, hata kama hawajauliza. Na kama watoto anaowaona hawamtishi, waacheni wakae naye.

Sasa dawa za kumbukumbu zenyewe, maana naona kijana pale amekuja na daftari. Andika. Donepezil, rivastigmine, galantamine: hizi tatu huzuia asetilikolini isivunjwe haraka. Donepezil huanza miligramu 5 usiku, na baada ya wiki nne hadi sita daktari anaweza kupandisha hadi 10. Ikimletea ndoto za kutisha, huhamishiwa asubuhi. Huleta kichefuchefu, kuhara, kukosa hamu ya kula, na huweza kupunguza mapigo ya moyo mpaka mtu azimie, kwa hiyo mwenye moyo wa polepole, pumu au vidonda vya tumbo aangaliwe kwanza. Rivastigmine ipo pia kama bandiko la ngozini, na hufaa kwa wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na Lewy. Memantine inafanya kazi kwa njia nyingine na ni ya hatua ya kati na ya mwisho. Kwa ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo, zile tatu za kwanza hazisaidii, zinaweza hata kuzidisha fujo. Kwa ule wa mishipa, fedha yako ya kwanza iende kwenye presha na sukari.

Zinafanya nini hasa? Kwa wengine hakuna. Kwa wengine hushikilia hali kwa miezi, pengine mwaka: anaendelea kujivalisha, anajua choo kiko wapi, anaitikia jina. Hicho ni kitu, sikidharau. Lakini kabla hujauza ng'ombe ili ununue za mwaka mzima, jaribuni miezi mitatu, mkiandika kila wiki anachoweza na asichoweza. Mkiona hakuna tofauti, rudini tuzungumze juu ya kuacha. Ng'ombe ana maziwa.

Mmesikia redioni habari za dawa mpya. Ni kweli zipo. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, donanemab ikafuata mwaka 2024. Huanza kutolewa kwa dripu, ya kwanza kila wiki mbili, ya pili kila mwezi, na ni za watu walio mwanzo kabisa wa Alzheimer. Katika utafiti wa lecanemab, kudorora kulipungua kasi kwa asilimia 27 hivi katika miezi 18. Kupungua kasi, hakukusimama. Zinahitaji kuthibitisha ugonjwa kwa vipimo maalumu, na picha za MRI za mara kwa mara, kwa sababu zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Mtu akikwambia anazo ndani ya begi, Jinja hapa, kwa bei ya kirafiki, mwite mwenyekiti. (Kicheko.) Na zile chupa za "kurudisha ubongo" zinazouzwa kwenye paki ya taksi, mwenye hela ya kutupa na aendelee.

Kuna tiba moja isiyo ya dawa ninayoipenda, na majirani zetu wameshaijaribu. Iliandaliwa Uingereza: kundi dogo la wagonjwa wanakutana mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, vikao kumi na vinne. Wanazungumza juu ya chakula, utoto, fedha za zamani, wanaimba, wanatupiana mpira huku wakitajana majina. Hakuna mtihani, hakuna kumwambia mtu amekosea. Watafiti waliipeleka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, Tanzania, wakaibadilisha ifae wazee wa kijijini wasiojua kusoma, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha akili za washiriki zimepata nafuu na wasiwasi umepungua. Iliendeshwa kwa Kiswahili, na vifaa vyake vinapatikana sokoni. Sioni sababu ya ukumbi huu kukaa mtupu Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mwenyekiti, nimelisema mbele za watu makusudi.

Na yule anayemtunza? Mara nyingi ni binti mmoja, ambaye kaka zake wanatuma hela kidogo na ushauri mwingi. Akipata usingizi wa saa tatu tu kila usiku, atampiga mzee siku moja, halafu atajichukia. Gawaneni usiku. Kaka aliyeko Kampala aje Ijumaa, alale chumba cha baba, aone mwenyewe. Mzee aliyefika miaka 80 aandikishwe SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee hela. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi, hazitoshi, lakini sabuni na nepi zinaanzia hapo. Na binti huyo akianza kulia bila sababu au kukosa hamu ya kula, yeye pia ni mgonjwa wetu. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, yetu ya Jinja ikiwemo. Si lazima msafiri mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya akili kule Kampala, kwa kila jambo.

Kabla hatujafunga, mama mmoja ameniletea swali kwenye karatasi, nalisoma: "Mama yangu huuliza kila siku dada yake yuko wapi. Nikimwambia alikufa, analia kana kwamba amesikia leo. Nikimdanganya naona dhambi. Nifanye nini?"

Mama, ulishamwambia ukweli, na amelia msiba huo mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyostahili. Huna deni tena. Akiuliza, kaa chini, umwambie, "Umemkumbuka sana dada yako leo. Alikuwa anapika nini vile?" Mwache azungumze. Akishikilia kujua, mshike mkono umjibu kwa upole, kisha mrudi kwenye mapishi. Hapo hujadanganya neno, wala hujamfanyia matanga mapya.

Sasa waliokuja na kavera, meza iko kule upande wa dirisha, na wenzangu wawili wanawangoja. Wenye wazee waliobadilika wiki hii watangulie, wengine mpange foleni. Msiache hata kile kidonge kimoja kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti. Hicho ndicho ninachotaka kukiona kwanza.